Kuhifadhi, Kuzika au Kutupa? Magazeti na Majina ya Kawi Mpya

Hewa ni moja na tendo ni moja. Hewa yenyewe ni ile itokayo katika dohani za viwanda vinavyochoma makaa ya mawe, mafuta au gesi, nayo wataalamu wa istilahi wameiita hewa ukaa. Tendo lenyewe ni kuinasa hewa hiyo kwa kemikali kabla haijapanda angani, kuishindilia hadi iwe nzito kama kiowevu, kisha kuisukuma kwa mabomba chini sana ardhini, katika mawe yenye vinyweleo yaliyofunikwa na tabaka la mwamba usiopitisha kitu. Hayo ndiyo yafanyikayo, iwe ni Ulaya au Amerika ya Kaskazini. Hata hivyo, chukua magazeti ya nchi tatu usome habari za tendo hilo moja, nawe utadhani umesoma mambo matatu yasiyojuana. Huku hewa inahifadhiwa. Kule inazikwa. Kwingine inatupwa chini ya nyumba za watu.

Mhandisi atatuambia kwamba hayo ni maneno tu, mradi mtambo unafanya kazi. Sisi tunaofundisha lugha hatuna ruhusa ya kusema hivyo. Kitenzi hakitaji tendo peke yake, bali hutaja pia hukumu ya msemaji juu ya tendo hilo. Kinachohifadhiwa ni kitu chenye thamani, kama nafaka ghalani. Kinachozikwa ni maiti, au ni siri. Kinachotupwa ni taka, na taka haikosi jirani anayenukiwa. Msomaji akishapewa kimojawapo cha vitenzi hivyo katika kichwa cha habari, kazi ya kufikiri imekwisha kufanywa kwa niaba yake.

Hoja yangu ni kwamba kila nchi huipa teknolojia changa jina kutoka katika kumbukumbu zake yenyewe, ziwe za fahari au za hofu, na kwamba jina hilo aghalabu hutangulia mbele ya ushahidi. Jambo hili latuhusu sisi wa Afrika Mashariki kwa sababu majina hayo hutufikia yakiwa yamekwisha kupikwa kwingine, nasi huyatafsiri upesi upesi na kuwasomesha watoto wetu.

Tuanze na Norwei, nchi iliyotajirika kwa mafuta na gesi ya Bahari ya Kaskazini na ambayo papo hapo hupenda kuhesabiwa miongoni mwa walinzi wa mazingira. Mwaka 1991 nchi hiyo ilianza kutoza kodi juu ya hewa ukaa. Kodi hiyo ndiyo iliyolisukuma shirika lake la mafuta, Statoil, kuanza mwaka 1996 kuichuja hewa ukaa iliyochanganyika na gesi ya eneo la Sleipner na kuirudisha chini ya sakafu ya bahari, karibu tani milioni moja kwa mwaka. Kazi hiyo ilifanyika mbali na macho ya watu, bila jina la kusisimua. Kisha, katika hotuba yake ya mwaka mpya, tarehe 1 Januari 2007, Waziri Mkuu Jens Stoltenberg alizungumzia mradi mkubwa wa kunasa hewa ukaa huko Mongstad, akaufananisha na safari ya kutua mwezini. Tangu hapo, magazetini na bungeni, mradi ukajulikana kwa sitiari hiyo.

Naomba tuipime sitiari yenyewe. Safari ya mwezini, kama Marekani ilivyoikamilisha mwaka 1969, ina taifa moja, bendera moja, tarehe ya mwisho na umati unaoshangilia. Haina jirani anayelalamika. Bei yake haiulizwi sana, maana mbele ya mwezi pesa huonekana neno dogo. Tena ina miisho miwili tu: ama chombo kitatua, ama kitaanguka. Hakuna kutua nusu. Basi gharama za Mongstad zilipopanda na tarehe zikasogezwa mara kwa mara, waandishi hawakuwa na haja ya kutafuta lugha mpya. Septemba 2013, serikali ilipouacha mpango wa mtambo kamili, nusu ya pili ya sitiari ilikuwa tayari ikiwangojea: chombo kimeanguka. Ngoma ikilia sana, walisema wahenga, haikawii kupasuka. Kilichozama katika kelele hizo ni kwamba kituo cha majaribio kilichofunguliwa palepale Mongstad mwaka 2012 kiliendelea na kazi, na kwamba kule Sleipner hewa ukaa ilikuwa ingali ikishuka chini ya bahari kama kawaida.

Mwaka 2020 serikali ya Norwei ilileta mradi mwingine, na safari hii ikauita Langskip, yaani merikebu ndefu ya mabaharia wa kale wa nchi hiyo. Merikebu haina haraka ya chombo cha mwezini. Hupakia, husafiri, hupakua, na yaweza kwenda tena kesho. Kiwanda cha saruji cha Brevik kilizindua mtambo wake wa kunasa hewa ukaa Juni 2025, na Agosti mwaka huohuo hewa ya kwanza ya mradi huo ilisukumwa hadi mita 2,600 chini ya sakafu ya bahari. Sidai kwamba jina ndilo lililoufanikisha mradi huu wa pili. Nasema tu kwamba jina la kwanza lilimfundisha msomaji kungoja muujiza, ilhali la pili linamfundisha kungoja shehena, na anayengoja shehena hujua kuhesabu tani.

Ujerumani haikutazama mwezini, bali ilitazama mashimo yake yenyewe. Mwaka 2009 kampuni ya RWE ilikuwa na mpango wa kuisafirisha hewa ukaa kwa bomba hadi jimbo la Schleswig-Holstein, kaskazini mwa nchi. Wakazi waliupinga kwa nguvu, na katika jina la kikundi chao wakatia neno Endlager. Maana yake ni ghala la mwisho, mahali ambapo kitu kikishawekwa hakitoki tena. Hakuna Mjerumani mtu mzima asiyejua neno hilo limetoka wapi. Ni neno la taka za nyuklia. Tangu mwaka 1977, eneo la Gorleben lilipoteuliwa kuwa mahali pa kuweka taka hizo, neno hilo liliandamana na maandamano, askari na treni zilizozuiwa relini. Mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Je, ung'ongo huu ulikuwa nyoka? Hewa ukaa haina mnunurisho kama taka za nyuklia, na huo ndio ukweli uliofunikwa na neno. Lakini hofu nayo haikuzuka hewani. Hewa hiyo ikijikusanya kwa wingi mahali pa bondeni humnyima mtu pumzi. Sisi Waafrika tunalijua hilo kuliko Wajerumani: usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, Ziwa Nyos la Kamerun lilitapika hewa ukaa iliyokuwa imetulia katika maji yake, na watu zaidi ya 1,700 wakafa. Ziwa la volkeno si mwamba uliofunikwa kilomita nzima chini ya ardhi, na mtu asiyeonyesha tofauti hiyo hasemi kweli yote. Vivyo hivyo, mtu anayewaambia wanakijiji kwamba hakuna la kuuliza, naye hasemi kweli yote. Swali halisi lilikuwa: mwamba gani, kina gani, nani atapima, na kwa miaka mingapi? Neno Endlager lilikuwa na jibu kabla swali halijaulizwa.

Mambo yakaishia palepale neno lilipoelekeza. Kampuni ya Vattenfall, iliyokuwa imefungua mtambo mdogo wa majaribio huko Schwarze Pumpe mwaka 2008, iliuacha mpango wake mkubwa wa Jänschwalde mwezi wa Desemba 2011. Sheria ya mwaka 2012 iliruhusu uhifadhi kwa kiasi kidogo tu, tena ikayapa majimbo uwezo wa kukataa. Ilipofika Februari 2024 ndipo serikali ya Ujerumani ilipotangaza nia ya kuufungua mlango huo upya, na mkazo ukawa chini ya bahari, mbali na vijiji.

Marekani haikutumia sitiari ya mwezi wala neno la hofu. Ilitumia kivumishi. Makaa ya mawe yakaitwa "safi". Kivumishi hiki kina historia inayostahili kufundishwa darasani. Katika miaka ya 1980 serikali ya nchi hiyo ilikuwa na mpango wa kusafisha makaa ya mawe, na uchafu uliokusudiwa ulikuwa salfa na nitrojeni, vyanzo vya mvua ya tindikali. Kwa maana hiyo kivumishi kilikuwa na haki yake. Baadaye wasiwasi wa dunia ulihamia kwenye hewa ukaa, jambo ambalo mitambo ile ya zamani haikuligusa kabisa, lakini kivumishi hakikung'oka. Wakati wa uchaguzi wa mwaka 2008 umoja wa kampuni za makaa na umeme ulikitangaza nchi nzima kwa matangazo ya kulipiwa. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Mazoea hayo yakaishia katika vinywa vya wakubwa. Agosti 2017, akihutubia mkutano huko Phoenix, Rais Donald Trump alieleza kwamba makaa yanachimbwa kisha yatasafishwa, kana kwamba ni viazi vinavyooshwa kabla ya kupikwa. Miezi miwili tu kabla ya hapo, Juni 2017, kituo cha Kemper katika jimbo la Mississippi, kilichokuwa mfano mkuu wa makaa "safi", kilikuwa kimesimamisha mtambo wake wa makaa na kuendelea kuchoma gesi asilia. Gharama yake ilikuwa imepanda kutoka chini ya dola bilioni 3 hadi zaidi ya dola bilioni 7. Mradi mwingine, FutureGen, uliotangazwa na serikali ya Rais Bush mwaka 2003, uliachwa mwaka 2008, ukafufuliwa, kisha ukaachwa kabisa mwaka 2015 pasipo kuzalisha hata taa moja ya umeme.

Haki itendeke kwa pande zote. Huko Saskatchewan, Kanada, kituo cha Boundary Dam kilianza mwaka 2014 kunasa hewa ukaa ya makaa ya mawe, na kituo cha Petra Nova jimboni Texas kikafuata mwaka 2017. Hii haikuwa ndoto. Lakini hewa iliyonaswa humo ilipelekwa kwenye visima vya mafuta ili iyasukume mafuta yaliyobaki yatoke. Mwandishi anayeandika tu kwamba hewa "ilihifadhiwa" hakusema uongo. Ila amekitumia kitenzi cha ghala kwa kazi ambayo nusu yake ni ya kuchimba.

Tukizilinganisha nchi hizi tatu, twaona jambo ambalo halimo katika kamusi yoyote. Huko Norwei jina lilitoka kinywani mwa waziri mkuu, nalo likawa jina la fahari. Huko Ujerumani lilitoka kwa wanavijiji, likawa jina la tahadhari. Huko Marekani lilitoka kwa wenye bidhaa, likawa jina la sifa. Magazeti hayakulibuni hata moja. Yaliliokota kwa yule aliyesema mapema na kwa sauti kubwa kuliko wengine, yakalirudia hadi likaacha kuonekana kuwa ni maoni, likawa kama jina la kawaida la kitu. Hapo ndipo lugha inapokuwa na nguvu kuliko mtambo: watu wanapoacha kuisikia.

Sasa tugeukie kwetu. Habari nyingi za teknolojia hizi hufika Nairobi na Dar es Salaam kupitia mashirika makubwa ya habari ya kigeni, na mfasiri aliye na saa moja kabla ya gazeti kwenda mitamboni hana nafasi ya kuuliza kivumishi kimetoka wapi. Matokeo yake ni maneno yenye maana mbili tusizozitenganisha. "Makaa" kwa mama wa Nakuru ni yale ya jikoni. Mwambie "makaa safi" naye atafikiri ni makaa yasiyo na vumbi. "Kawi safi", au "nishati safi" kama wasemavyo wenzetu wa Tanzania, nayo ina maana mbili. Tanzania ilizindua mwaka 2024 mkakati wa miaka kumi unaolenga asilimia 80 ya wananchi watumie nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034, na gesi ya mitungi imo katika nishati hiyo. Hakuna hila hapo: gesi ni safi kwa mapafu ya mpishi, na moshi wa kuni ni adui wa kweli. Lakini gesi hiyohiyo, ikipimwa kwa hewa ukaa, si safi kwa anga. Usafi wa jikoni na usafi wa angani ni mambo mawili yaliyovaa kanzu moja, na mwanafunzi asiyejua kuyatenganisha atashindwa katika mtihani wa jiografia, na baadaye katika uchaguzi wa viongozi.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya ughaibuni. Wakumbuke Lamu. Mwaka 2016 kulitolewa leseni ya mazingira ya kujenga huko kituo cha umeme wa makaa ya mawe chenye uwezo wa megawati 1,050. Katika mjadala ule nako tulisikia sifa za teknolojia ya kisasa ya makaa yaliyo "safi". Mtambo wa kisasa huchoma makaa kidogo zaidi kwa kila kipimo cha umeme, lakini kuchoma kidogo zaidi si kunasa. Tarehe 26 Juni 2019 jopo la kitaifa la kesi za mazingira liliifuta leseni hiyo, sababu mojawapo ikiwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mtu hawezi kushirikishwa katika jambo ambalo jina lake halielewi.

Na jambo lenyewe limekwisha kubisha hodi katika Bonde la Ufa. Huko Iceland, nchi ya volkeno na mvuke wa ardhini kama Olkaria yetu, watafiti waliyeyusha hewa ukaa katika maji na kuipenyeza katika mawe meusi ya volkeno, na mwaka 2016 wakatangaza kwamba sehemu kubwa mno ya hewa hiyo iligeuka madini katika muda usiozidi miaka miwili. Vyombo vya habari vya dunia viliandika kwamba hewa imegeuzwa jiwe, na kwa mara moja sitiari na kemia zilikaribia kuwa kitu kimoja. Hata hivyo, mwaka 2025 mpango mkubwa wa kuleta hewa ukaa kutoka nje na kuiweka ardhini karibu na mji wa Hafnarfjörður uliachwa baada ya wakazi kuupinga. Mawe ya namna hiyo tunayo, na mvuke tunao. Kampuni ya Kenya iitwayo Octavia Carbon imekuwa ikiunda mitambo ya kuinasa hewa ukaa moja kwa moja kutoka angani, na eneo la Gilgil limetajwa katika mipango yake. Yamkini ni jambo la heri. Yamkini ni ghali mno kwa faida yake. Jawabu halimo katika neno "kuhifadhi" wala katika neno "kutupa".

Hapa Kiswahili kina silaha ambayo lugha nyingi zingetamani kuwa nayo, nayo ni viambishi vya wakati vinavyokaa wazi katikati ya kitenzi, mahali ambapo hata mwanafunzi wa darasa la nne huviona. Mtambo "utanasa", "unanasa" au "umenasa"? Teknolojia changa huishi katika -ta-. Hilo si kosa, kila kitu kilianza hivyo. Kosa ni pale habari inapoanza kwa -ta- katika aya ya kwanza na kumalizikia kwa -na- katika aya ya tano, hali hakuna kilichojengwa baina ya aya hizo. FutureGen iliishi miaka yote katika -ta- na ikafia humo. Sleipner, isiyo na jina la kuvutia, ndiyo yenye haki ya -me-.

Kwa hiyo nawaomba walimu wenzangu zoezi moja. Kateni habari ya gazeti kuhusu kawi mpya, iwe ni ya upepo, haidrojeni, nyuklia au hewa ukaa. Wanafunzi wapigie mstari kila kitenzi na kutaja wakati wake. Wazungushie duara kila kivumishi na kuuliza: safi kwa nani, na kwa kipimo gani? Watafute msemaji wa kwanza anayenukuliwa, kisha wamtafute mtu anayeishi juu ya ardhi inayozungumzwa, waone kama ametajwa. Mwisho waiandike upya habari ileile mara tatu, kwa "kuhifadhi", kwa "kuzika" na kwa "kutupa", bila kubadilisha takwimu hata moja, na kuzisomea darasa. Dakika arubaini zatosha, na darasa litajionea jinsi takwimu zilezile zinavyobembeleza, zinavyoomboleza na zinavyotisha.

Wataalamu wetu wa istilahi, walipoitafutia hewa hii jina, walilichukua kutoka kwa kaa la moto wakatupa "ukaa". Sijui kama walisikia pia kitenzi "kukaa" kikinong'ona humo ndani. Lakini mzozo wote wa Norwei, Ujerumani na Marekani, na ule utakaokuja Gilgil, umo katika swali hilo fupi ambalo Kiswahili pekee chaweza kuliuliza kwa pumzi moja: je, ukaa utakaa? Mwandishi atakayetuletea habari za mtambo wowote wa aina hii na atujibu hilo kwanza, kwa vipimo na kwa majina ya waliopima. Baada ya hapo atumie kitenzi akipendacho.